Oyster Bay na Uzunguni: Habari za Mtaa Mmoja wa Dar es Salaam na Majina Yake

Kusudi la makala haya ni kueleza habari za mtaa wa Oyster Bay, ulioko kaskazini ya bandari ya Dar es Salaam, tangu ulipoanza kujengwa katika utawala wa Waingereza hata zama zetu. Mtaa huu umetamaniwa kwa karibu miaka mia moja, na nyumba zake zimekaliwa kwa zamu na maofisa wa kikoloni, mawaziri wa dola huru, mabalozi wa nchi za kigeni, na matajiri wa biashara. Lakini habari za nyumba peke yake hazitoshi kuwashughulisha wanaochunguza lugha. Linalotuvuta zaidi ni kuwa mtaa huu ulikuwa na majina mawili. La kwanza liliandikwa katika ramani, nalo ni Oyster Bay. La pili lilitoka vinywani mwa watu, nalo ni Uzunguni, jina la kila mahali walipokaa Wazungu. Sheria ya mji haikulitaja jina hili la pili. Tutajaribu kuonyesha kuwa katika jambo hili Kiswahili kilikuwa shahidi mkweli kuliko sheria, na kuwa mtu akifuata safari ya maana ya neno hilo ataifuata pia safari ya mji wenyewe.

Pwani ya Msasani

Kabla ya kuwako Oyster Bay palikuwako Msasani. Hiki ni kijiji cha wavuvi, chenye makaburi ya kale, na umri wake wapita umri wa mji wa Dar es Salaam, ambao Sultani Majid bin Said wa Unguja alianza kuujenga katika miaka ya 1860 karibu na kijiji cha Mzizima. Rasi ya Msasani ina pande mbili. Upande wa magharibi ni ghuba tulivu, ambako wavuvi hupweleza ngalawa na mashua zao. Upande wa mashariki ni bahari kuu, yenye miamba ya matumbawe, na hapo pepo za kusi hupiga bila kizuizi. Katika miamba ya namna hii chaza hushikamana kwa wingi, na bamvua likitoa maji mbali watu huweza kuwaokota kwa mikono.

Jina la Msasani husimuliwa na wengine kuwa limetokana na jina la mtu, Musa Hasani, lililofupizwa kwa wepesi wa ulimi. Hadithi hiyo yapendeza, lakini mwenye kuzoea majina ya pwani hii ataona njia nyingine iliyo karibu zaidi. Msasa ni mti wenye majani ya kukwaruza, ambayo mafundi wa seremala waliyatumia kusugulia mbao, na ndiyo asili ya kuiita karatasi ya kusugulia kwa jina hilo hilo. Tukiongeza kiambishi -ni twapata Msasani, yaani mahali penye msasa, kama vile jirani yake Mikocheni ni mahali penye mikoche, na sehemu moja ya Msasani yenyewe huitwa Mikoroshini kwa ajili ya mikorosho. Basi tabaka la kwanza la majina katika sehemu hii ni la miti. Mwenyeji alipotaja mahali alitaja kilichoota pale, wala hakutaja rangi ya mtu wala cheo chake.

Kanda tatu

Wajerumani walihamisha makao makuu ya koloni lao kutoka Bagamoyo hadi Dar es Salaam mwaka 1891. Walitunga kanuni za ujenzi ambazo zilitenga sehemu ya mashariki ya mji, inayoelekea bahari, kwa nyumba za namna ya Ulaya. Huko walipanda miti kando ya barabara pana, wakafanya bustani ya mimea, na mwaka 1897 wakamaliza hospitali iliyosimama mpaka leo katika barabara ya pwani. Hiyo ndiyo Uzunguni ya kwanza ya Dar es Salaam.

Waingereza waliuteka mji Septemba 1916, na baada ya vita Tanganyika iliwekwa chini ya udhamini wa Shirikisho la Mataifa. Hapa ndipo penye jambo la kuangaliwa kwa makini. Mkataba wa udhamini ulitaka raia wa nchi zote zilizomo katika Shirikisho wapewe haki sawa za kuingia, kukaa, kumiliki mali, na kufanya biashara. Na India ilikuwa mwanachama wa Shirikisho. Kwa hiyo ilikuwa vigumu kuandika wazi katika sheria kwamba mtaa huu ni wa Wazungu na ule wa Wahindi. Serikali ikapita njia ya pembeni. Iligawa mji katika kanda tatu kwa kutaja namna ya majengo: ya kwanza ya nyumba za kukaa za namna ya Ulaya, ya pili ya nyumba za kukaa pamoja na maduka, na ya tatu ya nyumba za kienyeji. Aliyesoma sheria hiyo hakuona ndani yake Mzungu, Mhindi wala Mwafrika. Aliona saruji, madirisha, na ukubwa wa kiwanja. Gharama ya kujenga kama kanuni zilivyotaka ndiyo iliyokuwa bawabu wa mlangoni.

Wenyeji hawakudanganyika. Kanda ya kwanza waliiita Uzunguni, ya pili Uhindini, na ya tatu wakaiita Uswahilini, ijapokuwa kila sehemu yake ilikuwa na jina lake mahsusi, kama Kariakoo, jina lililotokana na kambi ya jeshi la wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya kwanza. Kati ya Uhindini na Kariakoo pakaachwa uwanja mtupu, Mnazi Mmoja, uwe mpaka. Madaktari walisema uwanja huo ni wa kuzuia maradhi yasivuke. Watu waliona kuwa wao wenyewe ndio waliozuiwa.

Muundo wa majina haya matatu wastahili maneno machache. Kiambishi u- huunda jina la hali au la nchi, kama uzungu na uhindi, na -ni hulifanya kuwa la mahali. Huko Uzunguni, basi, ndiko uzungu ulikokaa: watu wake, desturi zake, vyakula vyake, na uwezo wake. Neno hilo moja lilikusanya pamoja mambo ambayo sheria iliyatenga kwa hila. Tena jina hili halikuwa la Dar es Salaam peke yake. Arusha, Dodoma na Mbeya pia zina sehemu zilizojulikana hivyo.

Daraja

Mji ulipozidi kukua, nafasi ya Uzunguni ya zamani haikutosha. Kaskazini yake, ng'ambo ya mlango wa mto Msimbazi, kulikuwa na ufuko mrefu wenye hewa safi, lakini kijito cha maji ya chumvi kilikata njia. Mwaka 1929 lilijengwa daraja, likaitwa Selander kwa jina la John Einar Selander, mkurugenzi wa kwanza wa Idara ya Ujenzi katika Tanganyika. Daraja hilo lilifungua njia ya Oyster Bay. Katika miaka ya 1930, na zaidi baada ya vita ya pili, Serikali ilijenga huko nyumba za maofisa wake, nyingi kati yake zikiwa mali ya Serikali yenyewe, ambazo ofisa alikaa kwa muda wa kazi yake kisha akamwachia mwingine.

Mwaka 1949 kampuni ya Sir Alexander Gibb ilitoa mpango mkuu wa mji. Sasa hata namna ya majengo haikutajwa sana. Mtaa uligawanywa kwa msongamano wake. Oyster Bay ukawa mtaa wa msongamano mdogo, Upanga wa kadiri, na mitaa ya Waafrika ya msongamano mkubwa. Maneno yalibadilishwa kwa mara ya pili, lakini ramani ilibaki karibu ile ile. Vinywani mwa watu Uzunguni ilikuwa Uzunguni tu, isipokuwa sasa ilikuwa imevuka daraja.

Jina la Oyster Bay lenyewe ni la Kiingereza, na laweza kufasiriwa Ghuba ya Chaza. Hata hivyo halikufasiriwa. Limekaa katika Kiswahili kama lilivyokuja, na siku hizi huandikwa mara nyingi kwa neno moja, Oysterbay. Limepokea upatanisho wa mahali, kwani twasema Oyster Bay kuna upepo, wala hatusemi una upepo. Bali limekataa kiambishi -ni, kama majina ya miji yanavyokataa. Hivyo katika rasi moja Msasani na Oyster Bay yamekaa jirani, moja limeota katika ardhi na jingine limeletwa na ramani.

Sura ya mtaa

Tofauti ya Oyster Bay na mitaa mingine yaonekana zaidi kwa kulinganisha nyumba. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo au Ilala ilijengwa ikitazama njia. Mbele ina baraza, katikati ukumbi wenye vyumba vitatu kila upande, na nyuma ua wenye jiko na kisima au bomba. Barazani ndipo watu walipoketi jioni wakazungumza, wakacheza bao, wakasikia habari za mji. Anayepita husalimu, naye husalimiwa. Ua ni wa wanawake na kazi za nyumbani. Basi nyumba hiyo hutoa uso wake kwa wapitao na kuficha mgongo wake.

Nyumba ya Oyster Bay ilifanya kinyume. Iliwekwa katikati ya kiwanja kikubwa, mbali na njia, nyuma ya ua wa michongoma. Madirisha yake mapana na paa lenye upenu mrefu vilielekezwa kupokea upepo wa bahari, wala si kumpokea mpita njia. Mbele ilikuwa bustani ya nyasi, mibogenvilia na mikrismasi. Ufukoni ilisimama mivinje ikivuma. Baraza ya kuzungumzia na jirani haikuwako, na baina ya jirani na jirani palikuwa na nafasi ya kujenga nyumba nyingine kadhaa. Mgeni aliyezoea kupiga hodi mlangoni alilazimika kuipiga langoni, na maneno ya Kiswahili aliyokutana nayo kwanza yalikuwa onyo la mbwa mkali.

Hata hivyo haingekuwa kweli kusema kuwa Uzunguni ilikuwa ya Wazungu tu. Nyuma ya kila nyumba, pembeni mwa kiwanja, vilijengwa vyumba vidogo vya watumishi. Mpishi, boi, yaya, dobi na mtunza bustani walikaa humo au walitembea kila asubuhi kutoka Msasani. Kwa hesabu ya vichwa, yamkini katika nyumba nyingi waliokuwa wakizungumza Kiswahili walizidi waliokuwa wakizungumza Kiingereza. Lugha yao na wenye nyumba ilikuwa fupi, yenye amri nyingi na maswali machache: leta, ondoa, ngoja, tayari. Lugha yao wenyewe kwa wenyewe huko uani ilikuwa Kiswahili kamili, cha watu waliotoka bara na pwani, na kila mmoja aliongeza ndani yake kitu cha kwao. Uani mwa Uzunguni, basi, palikuwa na Uswahilini ndogo ambayo haikuandikwa katika mpango wowote.

Kutoka katika tabaka hilo ulizaliwa mchango wa Oyster Bay unaojulikana zaidi duniani. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, aliyepata kufanya kazi za nyumbani kwa ofisa wa Kiingereza, alianza mnamo mwaka 1968 kuchora wanyama na ndege kwa rangi za mafuta za kung'aa juu ya mbao laini. Picha zake ziliuzwa nje ya maduka yaliyoitwa Morogoro Stores, katika mtaa huu huu, kwa wageni waliokuja kununua mahitaji yao. Tingatinga alipigwa risasi na polisi akafa mwaka 1972, kazi yake ikiwa imedumu miaka michache tu. Lakini ndugu na wanafunzi wake waliendelea, na jina lake likawa jina la mtindo mzima wa uchoraji. Mtaa uliojengwa ili watu wake wasichanganyike na wenyeji umejulikana ng'ambo kwa kazi ya mwenyeji mmoja aliyeketi nje ya duka lake.

Uhuru na naizesheni

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Maofisa wa Kiingereza walianza kuondoka, na Waafrika wakashika nafasi zao. Kwa kuwa nyumba ilifuata cheo, aliyepewa kiti cha ofisa alipewa na nyumba yake ng'ambo ya daraja. Watu wa mjini waliliita jambo hili naizesheni, neno lililokatwa kutoka mkia wa maneno marefu ya Kiingereza ya siasa ya siku zile. Kisha likaja neno Wabenzi, kabila jipya lisilo na ukoo ila gari. Maneno haya yalikuwa ya mzaha, lakini mzaha wake ulikuwa na hoja: watu walikuwa wakiuliza kama Uzunguni ilikuwa imekwisha au ilikuwa imepata wakaaji wapya.

Swali hilo halikuwa dogo kwa Serikali yenyewe. Mwaka 1963 umilikaji wa ardhi wa moja kwa moja ulifutwa, ukageuzwa kuwa wa muda chini ya Serikali. Azimio la Arusha la mwaka 1967 likamkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Mwaka 1971 sheria iliruhusu Serikali kutwaa majengo ya kupangishwa yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Pigo hilo liliangukia hasa Uhindini na Upanga. Mwalimu Julius Nyerere alikaa katika nyumba yake ya Msasani, akaitumia Ikulu kwa kazi. Barabara nazo zikapewa majina mapya. Barabara ya pwani ikawa ya Kenyatta na ya Touré, nyingine ikawa ya Haile Selassie. Hili ndilo tabaka la tatu la majina: baada ya miti na baada ya wakoloni, wakaja viongozi wa Afrika. Mtu aendaye kutoka Mikoroshini hadi barabara ya Touré kwa kupitia Oyster Bay hupita zama tatu kwa mwendo wa miguu.

Nyumba kuwa mali

Mambo yalibadilika tena baada ya biashara kufunguliwa katika miaka ya 1980. Mwaka 1991 Azimio la Zanzibar lililegeza masharti ya uongozi, na kupangisha nyumba kukawa halali kwa kiongozi. Mashirika ya kigeni na balozi zilitafuta nyumba karibu na bahari, zikalipa kwa fedha za kigeni. Tarehe 7 Agosti 1998 ubalozi wa Marekani uliokuwa Oyster Bay, katika barabara ya Laibon, ulipigwa bomu, wakafa watu 11, siku ile ile ulipopigwa ubalozi wa nchi hiyo wa Nairobi. Kuanzia mwaka 2002 Serikali iliwauzia watumishi wake nyumba nyingi ilizokuwa ikimiliki, jambo lililozua ubishi mkubwa nchini. Nyumba iliyokuwa ya cheo, ambayo mtu aliiacha alipoacha kazi, ikawa mali ya kurithisha au kuuza. Katika viwanja vingi bustani imekwisha, na mahali pa nyumba moja pamesimama maghorofa. Mwaka 2022 lilifunguliwa daraja jipya la Tanzanite, lenye urefu wa zaidi ya kilomita moja juu ya maji, likiunganisha barabara ya pwani ya mjini na ufuko wa Oyster Bay. Msongamano mdogo wa mwaka 1949 umebaki zaidi katika kumbukumbu.

Mahali pamoja pameshikilia kuwa pa wote, nao ni ufuko wenyewe, ambao watu huuita Coco Beach. Jumapili na sikukuu watu wa Manzese, Temeke na Tandika huja na watoto wao kuogelea, kula mihogo ya kukaanga na kutazama bahari. Ubishi juu ya nani atawale ufuko huu umetokea zaidi ya mara moja, nao si wa mchanga tu. Mtaa wote ulijengwa kwa ajili ya upepo huo na maji hayo. Kuufunga ufuko kungekuwa kumaliza kazi ambayo kanda za zamani hazikuthubutu kuitaja kwa jina.

Safari ya neno

Sasa turudi kwenye neno. Katika matumizi ya kwanza Uzunguni ilikuwa mahali pa Wazungu, na Uswahilini mahali pa Waafrika wa mjini. Baada ya uhuru rangi ilianza kutoka katika neno, na uwezo ukabaki. Mwafrika mwenye cheo akasemwa kuwa amehamia Uzunguni bila mtu kuona ukinzani. Na Mzungu kijana apangaye chumba Kinondoni husemwa kuwa anakaa Uswahilini. Vijana wa leo wamefupisha Uswahilini kuwa uswazi, na kinyume chake wakaweka ushuani, neno lisilotaja kabila wala rangi hata kidogo. Mpaka ule ule wa zamani umepata jozi mpya ya majina.

Kwa hiyo mtunzi wa kamusi asitosheke kueleza Uzunguni kuwa ni mtaa wa Wazungu, wala asiridhike na maana ya siku hizi pekee, kuwa ni mtaa wa watu wenye uwezo. Akiandika ya kwanza tu atakuwa nyuma ya wasemaji. Akiandika ya pili tu atawasaidia waliotunga kanda, kwa kuwa msomaji hatajua tena kwamba uwezo huo ulianza kugawanywa kwa rangi. Maana zote mbili ziwekwe kwa kufuatana, pamoja na zama zake. Na wachunguzi wa majina ya mahali wangefanya vyema kukusanya mapema majina madogo ya Msasani yangali yakijulikana na wazee, ya miti, ya visima na ya miamba, kwa maana viwanja vya huko huuzwa upesi, na kiwanja kikishauzwa hutambulikana kwa nambari.